Aliyesoma shule ya binafsi apunguziwe mkopo wa chuo kikuu?

Mwalimu wa Zamu
Wanajukwaa, matokeo ya kidato cha sita yameshatoka na dirisha la maombi ya mikopo liko wazi, kwa hiyo naomba tujadili jambo ambalo kila mwaka huishia kwenye minong'ono. Bodi ya Mikopo inapopima uhitaji wa mwombaji hutazama pia ada aliyokuwa akilipiwa sekondari, na aliyetoka shule ya gharama kubwa huhesabiwa kuwa ana mzazi mwenye uwezo. Mimi naona ni haki. Nafundisha Fizikia katika shule ya serikali ambako wanafunzi wa michepuo ya sayansi, PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) na PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia), hufika kwenye mtihani wa Mei wakiwa na mada ambazo hawajazigusa, kwa sababu walimu wa somo hatutoshi. Jirani yetu ni shule ya binafsi iliyomaliza mada zote mapema, ikafanya mtihani wake wa majaribio, ikafanya na wa mkoa, kisha likizo nzima wanafunzi wakabaki kambini wakipitia mitihani iliyopita ya Baraza la Mitihani. Mzazi aliyelipia maandalizi hayo kwa mamilioni hakulazimishwa na mtu, maana tangu mwaka wa fedha 2022/23 ada ya kidato cha tano na cha sita imefutwa katika shule za serikali. Iweje leo asimame mstari mmoja na mtoto wa muuza mkaa kuomba fedha za umma? Naomba hoja, si matusi.

Binti wa Muheza
Mwalimu, nakujibu kama mtu ambaye hesabu hiyo inamhusu moja kwa moja. Baba alifariki nikiwa darasa la sita, na padri mmoja wa parokia yetu akanilipia ada kwa miaka yote sita ya sekondari katika shule ya masista. Mama yangu anauza machungwa barabarani, na alikuwa akiyauza vilevile nilipokuwa navaa sketi ya shule hiyo ambayo jina lake leo linanifanya nionekane mtoto wa tajiri. Mwongozo wa Bodi unataka aliyefadhiliwa aambatishe barua ya mfadhili. Padri alirudi kwao Ujerumani na akafia huko. Cheti cha kifo cha baba kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, serikali ya kijiji imegonga mhuri, hakimu amesaini, Sh. 30,000 za maombi nimelipa. Kinachokosekana ni barua kutoka kwa marehemu. Naomba unieleze jina la shule linasema nini kuhusu kipato cha mama yangu.

Babu wa Kihesa
Mjukuu wangu, pole. Mimi sina upande, ila naona mnaanzia katikati. Nilisoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya sabini, na mkopo hatukuujua: serikali ilitulaza, ikatulisha, ikatupa na vitabu, nasi tukasoma bila makelele. Vijana wa siku hizi boom, yaani fedha za mkopo za kujikimu, likiingia asubuhi, jioni limeshakuwa simu mpya na viatu, na wiki ya tatu wako mbele ya jengo la utawala wakidai njaa. Kabla ya kuuliza nani apewe, tuulize kwanza aliyepewa anazifanyia nini fedha zenyewe.

Kijana wa Yombo
Shikamoo, mzee. Niliingia hapa ili nimuunge mkono Binti wa Muheza, lakini hapo kwenye simu sipiti kimya. Fedha za kujikimu ni Sh. 10,000 kwa siku, na zilikuwa Sh. 8,500 mpaka zilipopandishwa mwaka wa masomo 2022/23. Katika hizo mwanafunzi anakula milo mitatu, anachangia kodi ya chumba cha mtaani kwa kuwa hosteli hazitoshi, na anapanda daladala kwenda na kurudi. Ama simu, maombi ya mkopo yenyewe yanafanyika mtandaoni, kiwango tulichopangiwa tunakisoma kwenye SIPA, akaunti ya mwanafunzi katika mtandao wa Bodi, na notisi za wahadhiri zinakuja kwa WhatsApp. Sijui mlitaka tuzisome kwa ramli. Jambo la kusikitisha ni kwamba kizazi kilichosoma bure ndicho kilichorekebisha sheria mwaka 2016 na kupandisha makato ya mdaiwa kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara. Karamu mlikula ninyi, vyombo tunaosha sisi, na bado tunaambiwa hatuna nidhamu.

Babu wa Kihesa
Marahaba. Hilo la bure nililisikia pia kwa mwanangu na sikulipenda, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu. Mwaka 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa, kwa sababu mpango ulimtaka msomi, akishamaliza mafunzo, afanye kazi kwa miezi kumi na minane akipokea asilimia 40 tu ya mshahara wake. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu mia nne kwa siku moja, ingawa wengi walirudishwa baadaye. Sasa linganisha: ninyi mnakatwa 15 mnabaki na 85. Sisi tuliokuja baada ya Azimio la Musoma la 1974 hatukutoka kidato cha sita kwenda chuoni moja kwa moja. Tulifanya kazi kwanza, kisha tukahitaji kupendekezwa na mwajiri pamoja na tawi la chama, na kama katibu wa tawi alikuwa na kinyongo na baba yako, alama zako nzuri ulibaki nazo nyumbani. Hiyo nayo ilikuwa bei, isipokuwa haikuandikwa kwa shilingi. Na bungeni sijakaa hata siku moja. Nimestaafu nikiwa bwana shamba.

Kijana wa Yombo
Mzee, miezi kumi na minane ina mwisho. Deni langu litanifuata mpaka niwe na wajukuu wa kuwasimulia.

Mhasibu wa Nyamagana
Mimi ndiye ninayeandaa orodha ya mishahara katika ofisi yetu, kwa hiyo nizungumze kwa takwimu badala ya hasira. Kijana mwenye mshahara wa msingi wa Sh. 800,000 anakatwa Sh. 120,000 za Bodi kila mwezi, kabla hujagusa kodi na mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii. Juu ya hapo, kila mwaka salio linaongezewa asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, ndiyo maana mtu analipa miaka mitano na deni liko palepale. Mzee anapolinganisha asilimia 40 ya wakati ule na asilimia 85 ya leo, anasahau kwamba kodi ya nyumba ya leo haijui historia.

Mdaiwa Mwaminifu
Mhasibu, kwa mtu anayeandaa mishahara umeachwa nyuma sana. Asilimia 6 ilifutwa mwaka 2021, na Rais Samia alilitangaza jambo hilo hapo hapo kwenu Mwanza, kwenye sherehe za Mei Mosi. Kama kuna salio la mtumishi wenu ambalo bado linapanda, ulizeni liko wapi kosa, badala ya kuwatisha vijana wanaojaza fomu wiki hii wakadhani wanasaini utumwa. Asilimia 15 ni nzito, hilo sibishi. Wa kuhurumiwa zaidi, kwa maoni yangu, ni aliyejiajiri, ambaye anatakiwa kulipa asilimia 10 ya kipato chake au kisichopungua Sh. 100,000 kwa mwezi, hata kama mwezi huo duka lilifungwa.

Mhasibu wa Nyamagana
Nilichosema ni kwamba madeni ya zamani yalishavimba kwa tozo hiyo kabla haijafutwa. Msome vizuri kabla ya kumshambulia mtu kuhusu kazi yake.

Mdaiwa Mwaminifu
Uliandika "kila mwaka salio linaongezewa". Liko hapo juu, kila mtu analiona.

Binti wa Muheza
Naomba kuuliza kwa heshima zote. Tumepita JKT, tumepita simu na viatu, tumefika kwenye mishahara ya watu waliokwisha kumaliza chuo. Mimi sijaingia chuo bado. Ni nani atakayenijibu kuhusu barua ya mfadhili?

Mpiga Kura wa Mbagala
Binti, muulize Mwalimu wa Zamu, ndiye aliyeleta mada akatoweka. Pengine yuko twisheni. Walimu hawa hawa wanaotuambia kwamba mada haziishi darasani ndio wanaozimaliza jioni kwa malipo ya kila kipindi, na mtoto wa muuza mkaa anayemlilia humu jukwaani hana fedha ya kuingia katika chumba hicho. Kwa hiyo hata ndani ya shule ya serikali maandalizi yananunuliwa, ila stakabadhi hazitolewi na Bodi haina pa kuziona.

Mwalimu wa Zamu
Sikutoweka, nilikuwa nasimamia vitanda vya bweni. Nimefundisha vipindi vya ziada kila Jumamosi bila kupokea hata senti, na wapo walimu wengi nchini wanaofanya hivyo, kwa hiyo maneno ya Mpiga Kura ni dhuluma kwa watu asiowajua. Wanaotoza wapo, siwatetei. Ila tuelewane kinachotafutwa huko twisheni. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inataka prinsipo mbili, yaani ufaulu wa masomo mawili makuu, zenye jumla ya pointi 4 kwa shahada nyingi, na hizo mwanafunzi wangu anazipata hata kwa vipindi vya kawaida. Kinachomshinda ni ushindani wa kozi zenye nafasi chache kama udaktari, ambako mwenye pointi 9 anaweza kumwona mwenye 12 akimpita mlangoni. Tofauti hiyo ya pointi tatu mara nyingi ni mwalimu wa maabara, na mzazi asiyeweza kumlipa huyo mwalimu hawezi pia kulipa ada ya chuo.

Fundi Umeme wa Chalinze
Nawasoma na kuona kila mmoja anazungumzia mtoto wa miaka kumi na tisa. Mimi nimefaulu mtihani wa kutambua ujuzi wa awali unaosimamiwa na TCU, baada ya kusoma usiku kwa vitabu vya kuazima huku mchana nikivuta nyaya, na nimepata nafasi ya shahada. Nina miaka 37. Bodi haimpokei aliyevuka miaka 35, na inamtaka mwombaji awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita. Shule niliyosoma haina maana yoyote kwangu, iwe ya binafsi au ya kata, kwa kuwa mlango wenyewe hauna kitasa upande wangu.

Kijana wa Yombo
Fundi, kaka yangu, kwa umri huo na ujuzi huo si bora chuo kikupe kazi ya kukarabati hosteli?

Fundi Umeme wa Chalinze
Nimeshaikarabati moja, nawe huenda unalala humo. Taa ya korido ikizimika usinitafute.

Mwalimu wa Zamu
Binti wa Muheza, nimerudi kwako. Msimamo wangu kuhusu shule za gharama uko palepale, lakini mtu wa hali yako hakuwa ndiye niliyemlenga. Stakabadhi za benki za ada huonyesha jina la aliyelipa. Ziombe shuleni kwako kwa miaka yote sita, ziambatishe pamoja na barua ya paroko wa sasa na ya mkuu wa shule, na dirisha la rufaa likifunguliwa uziwasilishe tena. Stakabadhi zenye jina la parokia zitasema kile ambacho marehemu hawezi kukisema.

Binti wa Muheza
Asante, Mwalimu, nilizipata mwezi uliopita. Zote zina jina la mjomba, kwa kuwa padri alikuwa akimpa fedha taslimu na kumtuma benki. Mjomba ni mtumishi wa serikali.