Mbegu zinaoza kwenye glasi badala ya kuota: somo la mimea kwa watoto wa miaka 4 hadi 6

Chekechea_24

Salaam wote. Naandaa somo la wiki tatu kuhusu kuota na kukua kwa mimea. Watoto ni 24, umri miaka 4 hadi 6. Jaribio lilivyo sasa: pamba iliyoloa chini ya glasi, maharage kumi juu yake, glasi imefunikwa kwa plastiki na kuwekwa dirishani penye jua. Siku ya nne kuna ukungu na harufu, na mbegu mbili tu zimetoa mzizi.

Naomba msaada kwa haya: kosa liko kwenye maji au kwenye mbegu? Mbegu ipi inafaa umri huu? Ziwekwe gizani au kwenye mwanga? Na watoto wakiuliza mmea unakula nini, jibu gani ni fupi lakini si la uongo?

MziziKwanza

Mwalimu, kosa ni maji, na hicho kifuniko kimeongeza tatizo. Mbegu ni kitu hai, inapumua. Ikilala kwenye pamba iliyoshiba maji hewa haifiki, inadhoofika, sukari inavuja kutoka ndani yake, na ukungu unapata karamu. Achana na pamba kabisa. Mizizi hujisokota humo na huwezi kuitoa bila kuikata.

Panga hivi. Kunja karatasi laini ya kufyonzea maji mara mbili, izungushie ndani ya glasi ikigusa kioo. Katikati jaza karatasi nyingine zilizofinyangwa ili ile ya nje ibanwe vizuri. Chomeka mbegu kati ya karatasi na kioo, kwenye nusu ya kimo cha glasi: tatu au nne, zisigusane. Halafu mimina maji yafike kina cha sentimita 1 tu. Karatasi itayapandisha yenyewe na mbegu zitapata unyevu bila kukaa majini. Usifunike. Kila asubuhi mtoto mmoja aangalie alama uliyochora kwenye kioo kwa kalamu. Maji yakishuka chini yake ndipo yaongezwe. Hiyo alama ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu watoto 24 wenye upendo watamwagilia mara 24.

Kabla ya kuzipanga, loweka mbegu saa 8 hadi 12. Zikipita saa 24 ndani ya maji zinaanza kukosa hewa, na umerudi kwenye tatizo lilelile. Tupa zilizopasuka ganda, zilizosinyaa na zilizotobolewa na wadudu.

Kama huna hakika na mbegu, wiki moja kabla weka kumi kwenye karatasi yenye unyevu. Zikiota chini ya saba, tafuta nyingine. Mbegu zilizokaa ghalani miaka mingi huota kwa kusuasua au haziamki kabisa.

Kuhusu jua: glasi kwenye jua kali inageuka tanuri. Weka mahali penye mwanga lakini jua lisipige moja kwa moja. Joto likiwa nyuzi 20 hadi 25, mzizi wa haragwe hutokeza kati ya siku ya 2 na ya 4. Chini ya nyuzi 10 utangoja hadi watoto wasahau.

Ghala_la_Mbegu

Naongezea upande wa mbegu. Maharage ni chaguo zuri: makubwa, vidole vidogo vinayashika, na yakilowekwa ganda linabanduka kwa urahisi. Mpe kila mtoto moja la kufungua. Ndani ataona nusu mbili nene, ambazo ni ghala la chakula, na katikati, karibu na kovu (ile alama ndogo pale haragwe lilipokuwa limeshikamana na ganda lake la nje shambani), kimmea kidogo chenye vijani viwili vilivyokunjwa. Kwa umri huu, hapo ndipo somo lilipo. Mtoto akishaona kwamba mmea umo ndani tayari, kuota hakuwi tena mazingaombwe.

Panda na mahindi glasi ya pili, watoto walinganishe. Haragwe linajikunja kama ndoano na kuzivuta zile nusu mbili hadi juu. Punje ya mhindi inabaki palepale na kusukuma juu ncha moja kama sindano. Wenye haraka wape choroko, mizizi hutokeza baada ya siku moja au mbili.

Ratiba: loweka Jumapili jioni, panga Jumatatu. Ukianza Alhamisi, mzizi utatoka Jumamosi na hakuna atakayeuona.

Usalama sasa, maana haya huwa hayasemwi. Mbegu za kupanda zilizopakwa rangi ya waridi, buluu au kijani zina dawa ya kuua kuvu au wadudu, kwa hiyo zisiingie darasani. Maharage mabichi yana sumu inayotapisha, hasa yale mekundu, hivyo hakuna kuonja. Mbegu za mbarika, pamoja na zile ndogo nyekundu zenye doa jeusi zinazotungwa shanga, zina sumu kali. Hata kwa kubandika kwenye picha msizitumie. Na zihesabu mbegu kabla na baada ya kipindi. Haragwe likiingia puani au sikioni linavimba kwa unyevu. Usijaribu kulitoa kwa kumimina maji, mpeleke mtoto kwa daktari.

Udongo_Mweusi

Nakubaliana na wenzangu isipokuwa kwa jambo moja: msiishie kwenye glasi. Chakula cha ghala kinakwisha, na kwenye karatasi mche hudhoofika baada ya wiki mbili au tatu. Majani mawili ya kwanza yakifunguka, hamishia kwenye kopo lenye matundu chini, bila kuibandua karatasi iliyonasa kwenye mizizi. Siku hiyohiyo panda mbegu nyingine moja kwa moja kwenye udongo, kina cha sentimita 3. Mtoto anapongoja ile isiyoonekana, anajua kinachoendelea chini kwa sababu alishakiona kwenye kioo.

Zile nusu mbili zitasinyaa na kudondoka. Watoto watasema mmea unaumwa. Waulize kwanza wanadhani kwa nini, kisha waambie ghala limekwisha.

Kuhusu giza na mwanga: haragwe halihitaji mwanga ili liote, ila zipo mbegu ndogondogo, kama za saladi, ambazo huota vizuri zaidi zikiuona. Mwanga unahitajika majani yakishatoka. Ukitaka kulionyesha hilo, linganisha miche miwili tu, usiweke minne yenye hali nne tofauti; mtoto wa miaka mitano atapoteza uzi. Mmoja uuache kwenye mwanga, mwingine ufunike kwa boksi kwa wiki moja, maji sawasawa. Hapa kuna mtego: wa gizani utarefuka kuliko mwenzake, na darasa zima litatangaza kwamba giza ndilo bora. Kwa hiyo msipime kimo peke yake. Tazameni rangi, unene wa shina na ukubwa wa majani.

Kupima kwenyewe, kwa wasiojua sentimita: kata ukanda wa karatasi sawa na kimo cha mche, kila baada ya siku mbili, na ubandike ukutani kwa mstari. Watausoma bila namba.

Chekechea_24

Ahsanteni sana. Swali la chakula bado. Na je, mbegu ichomekwe upande gani?

MziziKwanza

Upande wowote, na lifanye ndilo jaribio. Chomeka moja kovu likiangalia juu, moja chini, moja pembeni. Kabla ya kuota, kila mtoto achore mzizi anavyodhani utaelekea. Zote zitapinda kuelekea chini, kwa kuwa ncha ya mzizi inahisi mvuto wa dunia. Acha michoro ya mwanzo ukutani, wasiifute.

Udongo_Mweusi

Chakula: sema "mbegu ilibeba chakula chake, majani yakishafunguka, mmea unajipikia kwa maji, hewa na mwanga." Usiseme unakula udongo. Udongo unaushikilia, unautunzia maji na kuupa madini kidogo, kama chumvi kwenye sufuria.

Kwa faida yako mwenyewe mwalimu: Jan Baptist van Helmont, mwanasayansi wa karne ya 17, alipanda mti kwenye udongo wa kilo 90 hivi na kuumwagilia maji kwa miaka mitano. Mti uliongezeka zaidi ya kilo 70, udongo ukapungua kama gramu 57 tu. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1648. Yeye alihitimisha kwamba mti wote ulitokana na maji. Hewa hakuihesabu, na ndiyo inayosahaulika hata leo. Mtoto akitaja maji na jua peke yake, muulize: "Na kingine, ambacho hatukioni?"