Naomba ushauri: darasa la nne hawajui kusoma Kiswahili, nami nimepewa Kiingereza

Mwl_wa_Mwambao
Wakuu, salaam. Nafundisha shule ya msingi ya serikali huku mwambao, wilaya ya Uvinza, Kigoma. Nimekabidhiwa Kiingereza darasa la nne, watoto 90 na ushee. Kama 20 hivi Kiswahili chenyewe bado wanaungaunga. Ukimwandikia "ng'ombe" anakodoa macho, halafu anabahatisha "nguo" kwa sababu ameona n na g. Huyo ndiye natakiwa nimfundishe "The dog is under the table".

Wanaojikongoja nao wanasoma Kiingereza kwa silabi zetu: "name" ni na-me, "come" ni cho-me. Halafu yupo mmoja wa peke yake. Hesabu za kichwani hashikiki, mtume dukani analeta chenji kamili, lakini b na d kwake ni kitu kimoja, na akinakili ubaoni anaruka mistari.

Mkuu wa shule anataka tukomae na mitihani iliyopita kwa sababu ya upimaji wa kitaifa. Tumekaririsha mpaka sasa ukimuuliza mtoto jina lake anakujibu "I am fine, thank you". Mnafanyaje wenzangu? Na fimbo msiniambie.

Chaki_Vumbi
Kabla ya yote fungua daftari la mahudhurio. Huko kwenu giza la mwezi likiingia watu wanalala ziwani na taa, kukicha watoto wako ufukweni wanaanika dagaa. Linganisha tarehe uone. Anayekosa kila giza la mwezi si mgumu wa kuelewa, hayupo tu.

Ipuli_Tabora
Mwalimu, Kiingereza cha kwenye daftari kiweke pembeni kwa hao 20. Mwite mmoja mmoja umpe herufi, akipita silabi, akipita maneno, kisha aya, kisha hadithi fupi. Ngazi kama hiyo ndiyo waliyotumia watu wa shirika la Uwezo walipopita majumbani kupima watoto. Panapomkwama ndipo pa kumwanzia, awe darasa la nne au la pili. Shirika la Pratham kule India wamejijengea jina kwa kupanga watoto hivyo hivyo, kwa wanachoweza badala ya umri. Sisi tunaiba nusu saa asubuhi kabla ya vipindi.

Kujua kwamba herufi zinabeba sauti mtu anajifunza mara moja, na Kiswahili ndiko rahisi kwa sababu kinasomwa kilivyoandikwa. Akishavuka hapo anahama nako. Wakati huo Kiingereza kiwe cha mdomo na mwili: "Stand up. Touch the door. Give Asha the pen." Asiyejua a wala be anaweza kuwa wa kwanza kufika mlangoni, na darasa zima likamwona.

Ukianza kusomesha, anza na herufi zenye sauti ile ile kwetu na kwao: m, n, t, s, p. Maneno kama "pen", "net", "ten", "sit". Kwetu q na x hazimo, na c haitembei bila h, ndiyo maana "come" inakuwa "chome". Hizo zisubiri, na "name" isubiri pia. Shida utakayokutana nayo ni mwisho wa neno, maana silabi zetu zinaishia na irabu, kwa hiyo "pen" itakuwa "peni" na "net" itakuwa "neti". Mimi nina kadi mbili, moja "pe", nyingine "n". Nasogeza taratibu, zikigusana tu mdomo unafungwa. Wanacheka sana, lakini inaingia.

MamaKasulu
Huyo wa chenji usikimbilie kumpa jina la disleksia, ule ugumu wa kusoma usiotokana na uvivu wala ujinga. Anayeruka mistari ya ubaoni kwanza apimwe macho, na masikio pia, na leo hii akae mbele. Nilisomea elimu maalumu chuo cha ualimu Patandi na hilo ndilo walilotupigia kelele. Kama macho ni mazima, tenganisha b na d. Fundisha b peke yake, aichore mchangani kwa kidole huku akitamka, d isitajwe mpaka b imekaa. Akisoma, awe na kipande cha karatasi chini ya mstari. Na maswali mengine umuulize kwa mdomo ujue anachokijua.

Jingine. Mtoto wa Kiha akisoma "lala" akatamka "rara", amesoma. Usimkate.

Babu_Mkoloni
Sisi tulichapwa na tukajua kusoma.

Chaki_Vumbi
Waliochapwa wasijue waliacha shule, mzee wangu. Humu hawawezi kukuandikia.

Mgebuka
Si awapeleke MEMKWA tu?

Ipuli_Tabora
MEMKWA ni ya walioikosa shule, ndugu. Hawa wapo dawatini.

Mwl_wa_Mwambao
Nimeangalia daftari. Chaki umenipatia, saba kati yao wanakosa tarehe zile zile. Nitaongea na wazazi, ingawa dagaa ndiyo pesa na ndiyo chakula, sijui nitaanzia wapi. Mama Kasulu, shikamoo, huyo kijana nitampeleka apimwe. Ila mkuu wa shule nimwambieje?

MamaKasulu
Marahaba. Chukua karatasi ya Hisabati ya mwaka jana, mpe mmojawapo wa hao 20 asome swali la maneno mbele ya mkuu. Asiyesoma anafeli masomo yote, si lako tu. Yeye anataka wastani upande, mwonyeshe unapovujia.

Mwl_wa_Mwambao
Hiyo ataielewa. Ipuli, kadi zako za karatasi gani? Manila mpaka nifuate mjini, na mikono ya hawa watoto haifiki Ijumaa nayo.

Ipuli_Tabora
Maboksi ya sabuni, upande wa ndani. Maka peni nyeusi, herufi ndogo tupu, halafu pitisha selotepu pana juu. Na toboa tundu uzifunge kwa uzi, la sivyo "n" zote zitaishia mifukoni mwao.