Harufu ya ndizi katika bia ya ngano ya Bavaria hutoka wapi?

Kimea_na_Ulezi:
Ndugu wanajukwaa, nimetengeneza bia ya ngano ya Bavaria mara mbili kwa kimea kilekile na hamira ya aina moja. Ya kwanza, iliyochachuka kwa nyuzijoto 22, ilinukia ndizi mbivu. Ya pili, iliyochachuka kwa nyuzijoto 17 baada ya kuitikisa sana ili iingie hewa, ilinukia zaidi karafuu. Nimezoea mbege, ambayo ndizi zimo chunguni, hivyo naomba kueleweshwa.

Chachu_Hai:
Harufu hiyo hutengenezwa ndani ya seli ya hamira. Hamira inapoichukua naitrojeni iliyomo kwenye asidi amino iitwayo lusini, mabaki yake huyageuza kuwa alkoholi ya isoamili, kwa njia ambayo mwanakemia Mjerumani Felix Ehrlich aliieleza mwaka 1907. Kisha kimeng'enya cha jeni ya ATF1 huiunganisha alkoholi hiyo na asetili iliyobebwa na koenzaimu A, ikapatikana esta iitwayo asetati ya isoamili, ambayo imo pia katika ndizi mbivu zenyewe. Pua yako haikukosea hata kidogo. Esta hiyo hupenya utando wa seli na kuingia kwenye bia, na joto huongeza kiasi chake.

Mama_Pipa:
Nakubaliana na Chachu_Hai, ila ile hewa nayo tusiisahau. Hamira hutumia oksijeni kujenga steroli na asidi za mafuta zisizoshiba za utando wake, na hivyo viwili, oksijeni na asidi hizo, huififisha ATF1. Hata hivyo usiache kutikisa, kwa maana hamira iliyonyimwa hewa huchoka kabla ya kumaliza sukari.

Kuhusu karafuu, kuta za seli za nafaka zina asidi ya feruliki, ambayo huachiliwa vizuri kimea kikikaa kwenye maji ya nyuzijoto 43 hadi 45. Hamira ya bia ya ngano huigeuza kuwa vinili-gwayakoli, ambayo ndiyo yenye harufu ya karafuu, kwa jeni za PAD1 na FDC1. Hamira nyingi za lager haziwezi kazi hiyo. Je, ulikipumzisha kimea katika joto hilo?

Kimea_na_Ulezi:
Nashukuru sana, Mama. Mara ya pili nilikipumzisha kwa nyuzijoto 44, ilhali mara ya kwanza nilianza moja kwa moja na 65. Nimebadilisha mambo matatu kwa pamoja. Nitarudia kwa nyuzijoto 22 nikiyaacha mengine kama yalivyokuwa mara ya pili.