Naomba ushauri: chumba cha mtoto, jinsia hatujui

Habari zenu wapendwa. Niko Dodoma, Nkuhungu, mimba ina miezi 7, na mimi na mume wangu tumekubaliana tusiulize jinsia. Kwa hiyo sitaki pinki wala bluu; kuta nimeshapaka rangi ya maziwa.

Mama mkwe, Mgogo wa Mpwapwa, kanipa vibuyu vidogo na kikapu alichosuka mwenyewe. Vizuri mno, moyo unakataa vikae kabatini! Nataka kuvitundika pamoja na ndege wa kitenge ninaowashona kwa mkono.

Shida ni upepo wa huku kuanzia Juni, vumbi linaingia hata dirisha likifungwa. Vitambaa havitamletea mtoto mafua? Na vibuyu nivifunge kwa kamba gani visimwangukie kitandani? Mliowahi kutengeneza, nielekezeni tafadhali.