Nyumba ya uani vilimani Berkeley: majirani wanasema tutaungulia kwenye foleni

MamaPangani:
Wakuu mlioko California, naomba mawazo. Namtunza bibi wa miaka 88 huku vilimani Berkeley, nalala kwake. Anataka kujenga nyumba ya uani, chumba na sebule, atupangishe mimi na binti yangu kwa bei ya kibinadamu. Kodi za huku mnazijua.

Sasa majirani wameandika barua ya kupinga. Wanasema mtaa wetu ni mwembamba, una kona kama utumbo, na magari yameegeshwa pande zote mbili. Wanakumbusha moto wa Oktoba 1991 hapo jirani Oakland, uliofika mpaka mpakani na Berkeley na kuua watu 25, baadhi yao wakiwa wamekwama kwenye vibarabara vya aina hii hii. Eti nyumba mpya ni magari mawili zaidi.

Kinachoniudhi, aliyeanzisha barua ana magari matatu nje, na gereji yake imejaa maboksi na mtumbwi wa plastiki. Mimi napanda basi! Lakini upepo wa mashariki, ule unaochochea moto, ukianza kuvuma, usingizi wangu ni wa mang'amung'amu, maana bibi yuko kwenye kiti cha magurudumu. Je, wana hoja, au moto ni kisingizio cha kufukuza wapangaji?

FundiBarabara:
Dada, yote mawili. Chukua futi kamba ukapime. Mitaa mingi ya vilima vile haizidi mita 6. Gari lililoegeshwa linakula karibu mita 2. Yakiegeshwa pande zote mbili, katikati zinabaki mita 2, na gari la zimamoto lina upana wa mita 2.5. Kwa hiyo mtaa umeshafungwa kabla hamjachimba msingi.

Kisheria, jimbo haliruhusu jiji kuwadai maegesho kama nyumba ya uani iko ndani ya mita 800 kwa miguu kutoka kituo cha basi. Ila sheria hiyo hiyo inaliachia jiji nafasi ya kubana maeneo fulani kwa sababu za usalama na msongamano. Nendeni dirisha la vibali mkaulize anwani yenu iko kundi gani, kabla bibi hajamlipa mchora ramani.

Shemeji wa Chico:
Mimi naishi chini ya mji wa Paradise, huku huku California. Novemba 2018 moto uliua watu 85. Skyway, barabara kuu ya kushukia, ilikuwa imepunguzwa katikati ya mji mwaka 2014, kutoka njia nne hadi mbili, ili magari yaende polepole. Nia nzuri kabisa. Siku ile hata njia za kupandia ziligeuzwa za kushukia, na bado foleni ilisimama.

Lakini sikiliza, dada. Wengi waliokufa walikuwa wazee, na wengi wao walikutwa majumbani, hawakufika hata barabarani. Msibishane juu ya magari tu. Nani atamtoa bibi?

Mswahili LA:
Huku kwetu siku za onyo la moto, mitaa yenye mabango hairuhusiwi kuegesha, gari linavutwa. Januari 2025 moto ulipowaka kule mtaa wa Palisades, watu waliacha magari kwenye barabara ya Sunset Boulevard wakakimbia kwa miguu, ikabidi tingatinga liyasukume pembeni. Waambie majirani waombe sheria kama hiyo, na siku za kawaida upande mmoja tu uegeshwe. Uone nani atasaini.

MamaPangani:
Asanteni sana. Nimepima jioni hii: mita 5 na nusu! Nikamsomea bibi majibu yenu. Amekaa kimya, halafu akaniuliza kama gari la marehemu mumewe nalo limehesabiwa. Limeoza pale nje tangu nije, haliwaki. Kesho anaita watu walichukue.

Shemeji, swali lako limenichoma. Tumekubaliana siku za upepo mkali mwanawe atufuate mapema twende kwake Richmond, moto uwepo usiwepo. Zimamoto ya Berkeley yenyewe huwashauri watu wa vilimani hivyo.

FundiBarabara, ombi la upande mmoja tunalianzia wapi, zimamoto au idara ya barabara? Na yule wa mtumbwi nimpelekee karatasi wa kwanza au wa mwisho?