Tupeane uzoefu: gari iliyokukatia nguvu mlimani, ugonjwa ulikuwa nini hasa?

Mpanda Kitonga (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za majukumu.

Wiki iliyopita nilikuwa natoka Morogoro kwenda Mbeya na Prado 120 ya dizeli, injini ya 1KD. Hadi Ruaha Mbuyuni safari tamu, AC inapuliza, watoto wamelala. Naanza kupanda Kitonga nyuma ya semi mbili, nikaona upenyo, nikakanyaga mafuta nizipite. Gari ikanywea. Taa ya injini ikawaka, mshale wa resi ukagoma kupita elfu mbili na kitu, na mimi niko upande usio wangu. Nilirudi nyuma ya zile semi jasho linanitoka hadi kwenye soksi.

Nilivyofika juu nikapaki, nikazima dakika kumi, nikawasha. Gari nzima kabisa, kama si yenyewe. Kufika Ilula, kamlima kadogo tu, ikarudia.

Nimeshaona mafundi watatu. Wa kwanza kasikiliza injini kwa sikio, kasema tabo (ile inayosukuma hewa kwenye injini) imekufa, niandae milioni tatu na nusu. Wa pili kasema pampu. Wa tatu anataka kubadilisha nozo, yaani vinyunyizio vya mafuta, zote nne. Hakuna hata mmoja aliyechomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari.

Kabla sijauza shamba, naomba waliopitia haya waeleze: gari gani, ilifanyaje, na mwisho wa siku kilichoitibu ni nini. Kama bado unahangaika nayo, subiri kwanza upone ndiyo uje.

Babu Semi

Mwanangu, kwanza Kitonga unaovateki? Tuanzie hapo.

Haya, tuje kwenye mada. Nimeendesha Dar–Tunduma tangu enzi za Fuso zisizojua kompyuta ni nini. Zile zikikosa nguvu ni filta, hewa kwenye mafuta, au mzigo umezidi. Sasa hivi nina kichwa cha Kizungu cha Euro 5, kina tenki mbili: moja ya dizeli, nyingine ndogo ya AdBlue, dawa ya kusafisha moshi. Turniboi wangu aliona taa ya AdBlue, akaona maji si maji tu, akajaza ya bomba.

Tulitoka Makambako vizuri. Kabla ya Igawa dashibodi ikaanza kulalamika, nguvu ikapungua, tukawa tunapitwa na bodaboda zilizobeba mkaa. Fundi alifungua akakuta mabonge meupe kama chumvi kwenye bomba la kunyunyizia. Akanieleza kwamba AdBlue ni urea asilimia 32.5, iliyobaki ni maji yaliyochujwa madini yote. Ukitia maji ya bomba, yale madini yanaganda humo ndani, na sensa ya moshi inaona uchafu umezidi. Kompyuta inabana injini kwa makusudi. Hakuna kilichokuwa kimekufa.

Tulisafisha tenki, tukabadilisha kinyunyizio, siku tatu pale barabarani. Turniboi bado ninaye. Nilikuwa sijawahi kumfundisha, kosa nusu ni langu.

Dada wa Singida

Mimi ni Hilux ya kazini, dizeli, ya kupeleka pembejeo vijijini. Ilianza kukata nguvu kwenye kilima cha Sekenke, ikizimwa na kuwashwa inarudi, hadithi yako kabisa. Tofauti ni kwamba yangu ilikuwa inasumbua zaidi tenki likikaribia robo. Hilo nililigundua kwa sababu naandika daftari: tarehe, kilomita, mafuta niliyoweka, wapi.

Mashine ilitoa P0087, yaani presha ya mafuta kwenye reli, lile bomba linalogawia nozo, iko chini. Fundi akataka pampu papo hapo. Nikamwonyesha daftari. Nikamuuliza, kama pampu imekufa, mbona tenki likijaa inapanda Sekenke inaimba? Akanyamaza, akaenda kufungua filta. Alitoa maji karibu nusu glasi na tope jeusi. Tukashusha tenki, chini kulikuwa na uji. Kumbe kuna siku dereva wa zamu aliishiwa porini, akanunua dizeli ya kwenye madumu kando ya barabara. Hiyo ndiyo iliyochakachuliwa.

Halafu hapa ndipo nilipopigwa mara ya pili. Filta mpya niliyonunua ilikuwa feki. Ndani karatasi imekunjwa mikunjo michache, unaweza kuihesabu. Wiki mbili, taa hiyo tena. Nilipopata ile yenyewe na kusafisha valvu ya kwenye pampu inayodhibiti mafuta, ndipo ikatulia. Hadi leo ni mwaka wa pili.

Kaka Mpanda, yako hujasema tenki lilikuwa na kiasi gani.

Mpanda Kitonga

Dada, nilijaza Morogoro. Lilikuwa juu ya nusu. Filta nilibadilisha mwezi uliopita, mkunjo sikuhesabu, nitaenda kuhesabu.

Kiboko Yao

Toa terminali ya betri nusu saa, rudisha. Tatizo kwisha. Mnahangaika bure.

Fundi Umeme Gerezani

Kiboko, ukitoa terminali magari mengi yanafuta ushahidi. Taa inazima, mwenye gari anafurahi, mimi naletewa baada ya siku mbili sina pa kuanzia. Kompyuta inapowasha ile taa inahifadhi picha ya wakati ule: resi ilikuwa ngapi, joto, mzigo wa injini, mwendo. Ile picha kwangu ina thamani kuliko namba yenyewe.

Mpanda, dalili zako nazisoma hivi. Gari ina mzigo, tabo inatakiwa kusukuma hewa nyingi, ndipo inakata. Ukizima na kuwasha, kompyuta inajaribu upya. Ikikuta tena kasoro, inabana tena. Hiyo ni gari kuchechemea ili injini isijiue. Kwa dizeli yenye tabo natazama hewa na mafuta kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Upande wa hewa, namba inayokuja sana ni P0299, tabo haifikishi hewa iliyoagizwa. Watu wakiona neno tabo wanakimbilia kununua tabo. Namba haijasema tabo ni mbovu. Imesema hewa haikufika. Inaweza kuwa mpira umechanika kati ya tabo na intakula (kipoza hewa ya tabo), klampu imelegea, EGR (valvu inayorudisha moshi kwenye injini) imekwama wazi, au sensa ya presha inadanganya.

Sensa hiyo unaipima bila hata kuwasha injini. Washa swichi tu, soma kwenye mashine. Hapa Dar lazima ikupe karibu kPa 100 (kilopaskali, kipimo cha presha), maana ndiyo hewa iliyopo. Mbeya, kwa sababu ya mwinuko, itakupa kama 82 au 83. Ikikupa 60 au 140 injini ikiwa imezimwa, umeshampata mwongo.

Mipira sasa. Ukiikagua gari imepaki unaona mizima. Mpasuko mara nyingi uko upande wa chini, pale mafuta ya injini yamelainisha mpira, na unafunguka tabo ikipuliza tu. Swali: ulipokuwa unakanyaga, ulisikia mluzi au pumzi kama nyoka? Na nyuma ulitoa moshi mweusi?

Mpanda Kitonga

Moshi mke wangu aliuona kwenye kioo cha pembeni, akasema "baba, tunaungua." Mluzi sikusikia, nilikuwa nasikia moyo wangu tu.

Njoroge wa Nakuru

Yangu ni ya petroli, X-Trail isiyo na tabo, lakini ilinipeleka mchezo huo huo. Ni mimi mwenyewe nilijitakia. Nilitaka kuiuza, nikaipeleka ioshwe injini ing'ae kwenye picha. Kijana akaielekezea mashine ya presha kila pembe. Jioni nikipanda kuelekea Gilgil, gari ikakataa kupita kilomita arobaini kwa saa. Nakanyaga hadi chini, haijali.

Mekanika alisoma P2135. Alinieleza kwa lugha ya shambani: pale kwenye throto kuna mashahidi wawili wanaopima mlango wa hewa umefunguka kiasi gani. Wakitofautiana, kompyuta haimwamini yeyote, inakupa nguvu ya kufika nyumbani tu. Mashahidi wangu walikuwa wamelowa maji kwenye soketi. Akaikausha kwa hewa, akapuliza dawa ya umeme, basi.

Kisha akaona throto ina masizi, akaisafisha kwa hisani. Hapo akaniletea shida mpya! Gari ikawa inaunguruma resi juu ikiwa imesimama, kwa sababu baada ya kusafisha ilipaswa ifundishwe upya kwa mashine, naye hakuwa na hiyo programu. Siku mbili zaidi. Mnunuzi alishaenda.

Mama Wawili Mikocheni

Yangu ni SUV ya dizeli ya Ulaya yenye masega ya kuchuja masizi. Safari zangu ni shule, ofisini, sokoni, foleni. Masega yale hujisafisha kwa joto la safari ndefu, na mimi siendi popote. Yakaziba, gari ikachechemea pale Mwenge katikati ya foleni.

Nilishauriwa yatobolewe. Nikakubali, nikalipa, na taa ikabaki pale pale, kwa kuwa kuna sensa inayopima presha kabla na baada ya masega, ikashangaa hakuna tofauti. Nikalipa tena mtu wa kuidanganya kompyuta. Sasa moshi nauona mwenyewe kwenye kioo, na nina mtoto mwenye pumu. Ningejua ningeenda nayo Chalinze kila Jumamosi nikale nyama.

Mswahili Minnesota

Huku niliko magari ya kawaida yote yaliyouzwa kuanzia mwaka 1996 yana soketi ya aina moja ya kupimia, na maduka mengi ya spea yanakusomea namba bure. Haikunisaidia. Silverado yangu iliandika kwa herufi kubwa kwamba nguvu ya injini imepunguzwa. Namba ikasema throto, nikanunua throto, nikafunga mwenyewe kwenye theluji vidole vimekufa ganzi. Siku nne, ujumbe huo huo. Nikanunua pedali. Vile vile.

Mzee mmoja wa Kisii, jirani yangu, aliingia chini na tochi, akakuta waya wa ethi uliofungwa kwenye chasi umeliwa na chumvi wanayomwaga barabarani majira ya baridi. Akausugua kwa msasa, akaufunga upya. Ninazo throto mbili sasa, anayetaka aseme.

Mpanda Kitonga

Wakuu, nimerudi na majibu.

Filta nimehesabu, ni nzima. Nilimpata fundi hapa Mbeya mwenye mashine, nikamwomba tusipime gereji, twende nayo mlimani. Tukapanda kuelekea Kawetire, yeye kashika mashine mapajani. Injini ikiwa imezimwa sensa ilisoma 82, nikamwambia hiyo ni sawa, akaniangalia kama mganga. Tulipokanyaga, hewa iliyoagizwa ikawa inapanda, hewa iliyofika ikabaki nyuma, pengo likakua, taa ikawaka. Safari hii madirisha yalikuwa wazi, na mluzi tuliusikia wote.

Mpira wa kuingia intakula, upande wa chini, mpasuko wa urefu wa kidole. Ukiubana kwa mkono unafunguka kama mdomo wa samaki. Mpira wa mtumba lakini mzima, elfu sitini. Klampu mpya mbili, elfu nane. Jana nimepanda tena na familia nzima na gunia mbili za viazi, haijanyong'onyea.

Yule fundi wa tabo alinipigia asubuhi. Anasema kashaitoa Kariakoo, iko kwenye basi.

Babu Semi

Ipokee, umuuzie Mswahili wa Minnesota. Na Kitonga usiovateki.