Msaada wa haraka: viti vya pweza (wale wa umbo la nyota) na kamba wanakufa kwenye tangi la maji chumvi, nipo Kigoma

FundiVioo Mwanga
Habari za jioni wana jamvi. Naomba ushauri, maana tangu juzi silali vizuri.

Mimi ni fundi vioo na aluminiamu, nipo Mwanga hapa Kigoma mjini. Kuna mteja anafungua nyumba ya wageni, akataka mapokezi pawe na tangi la viumbe wa baharini. Wa ziwani hawataki, anasema kila mtu anawaona Kibirizi bure. Tangi nimelijenga mwenyewe: urefu sentimita 120, upana 40, kioo cha milimita 10, maji yamefika sentimita 40. Halivuji hata tone. Chini kuna mchanga mweupe na mawe ya baharini, pampu mbili, taa juu.

Maji ya bahari aliniletea jamaa yangu kwa treni kutoka Dar, madumu matatu ya lita 20. Viumbe walikuja kwa basi kwenye mifuko ya oksijeni: samaki wadogo wawili, viti vya pweza vitatu, kamba wanne wenye mistari myekundu, konokono kumi, na kaa wanane wale wanaoishi ndani ya makome.

Samaki wazima, wanakula. Lakini kiti cha pweza cha kwanza kilianza kulegea, ncha za mikono zikawa nyeupe kama zimechovywa kwenye chokaa. Asubuhi nikakuta mkono mmoja bado umeng'ang'ania kioo na mwili wote umeanguka chini. Kamba wawili wamekufa wakiwa nusu ndani ya gamba la zamani, nusu nje. Kwa nini hawa wasio na uti wa mgongo wafe na samaki wabaki? Ufunguzi ni Jumamosi.

Siti ya Dirishani
Nakaa hapa nasubiri wataalamu. Ila mkuu, kamba wanne tu? Huku Gungu hicho ni kitoweo cha mtu mmoja na ugali wake.

Bint Katonga
Kaka yangu, usikasirike, lakini kiumbe ameumbiwa bahari nzima wewe unamsafirisha kilomita elfu na zaidi akae mapokezi apigwe picha. Marehemu baba alifuga kobe uani kwetu. Tulimpenda kweli, tukamlisha mchicha kila siku. Siku alipopotea nililia, ila moyoni nikasema afadhali. Mpaka leo nikiona kobe barabarani nasimama nimvushe.

Asali Mbichi
Mimi nipo Tabora. Miaka ya nyuma nilipeleka madebe ya asali Mwanza, pesa nikanunulia vifaranga vya sato 300 nije kuvifuga. Treni ikasimama Isaka saa nyingi, mimi behewani nimekumbatia mifuko kama mtoto mchanga. Tukafika Tabora wote wazima! Nikavimwaga moja kwa moja kwenye simtanki. Kufikia jioni nilikuwa nakusanya maiti kwa chujio la chai. Maji ya mfuko yalikuwa ya moto, ya simtanki baridi. Fundi, uliwaingizaje?

Kambamiti
Nimefanya kazi miaka minne kwenye mabwawa ya kambamiti pwani, ngoja nijaribu. Fundi nijibu haya yote, usichague: maji yana siku ngapi tangu yaingie tangini? Ulitumia silikoni gani? Umeweka dawa yoyote ya samaki, hasa yenye shaba au mrututu? Una vipimo vya amonia? Na uliwamiminaje?

FundiVioo Mwanga
Asante mkuu. Silikoni ni ile yenye harufu ya siki inapokauka, isiyo na dawa ya ukungu. Ile ya bafuni nina katoni nzima dukani lakini najua ina sumu, siwezi kuigusa kwa kazi hii. Pembe zote nimepiga mkanda wa karatasi kwanza, nikavuta silikoni kwa kidole mara moja bila kurudia, nikaacha siku saba kabla ya tone la maji. Mrututu sijaweka, wala dawa yoyote. Niliwaelea na mifuko yao nusu saa ndipo nikawaachia. Vipimo sina. Tangi lina muda kidogo.

Kambamiti
Silikoni umejibu kama fundi kweli. "Muda kidogo" ni siku ngapi?

FundiVioo Mwanga
Siku 11. Viumbe waliingia siku ya tatu. Lakini maji yanang'aa, unaona mchanga punje kwa punje.

Kambamiti
Hapo ndipo penyewe, au mojawapo. Amonia haina rangi, fundi. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki vinatoa amonia. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo si kali kama hizo mbili. Bakteria hao hukaa kwenye mawe na mchanga, na kwenye tangi jipya huchukua wiki nne mpaka sita kuwa wengi wa kutosha. Wewe umeingiza wapangaji nyumba haina choo. Samaki wadogo wa miambani baadhi ni wagumu, wanavumilia. Kiti cha pweza hakivumilii.

Na nusu saa ya kuelea inasawazisha joto tu, chumvi haijasawazishwa. Wanyama hawa unawatonesha: bomba jembamba lenye fundo, maji ya tangi yaingie kwenye chombo chao tone kwa tone saa mbili tatu.

Mwana wa Ujiji
Mimi naumia kwa jambo jingine. Tumekaa juu ya ziwa la kina cha mita 1,470, lina konokono wa ajabu wasiopatikana popote pengine duniani, lina kaa wake, lina hata yavuyavu, wale laini kama jeli, wadogo wa sentimita 2, wazuri kama vifuniko vya kioo, halafu tunaagiza konokono Dar! Makome ya konokono wetu yanafanana na ya bahari kiasi kwamba mwishoni mwa karne ya 19 mtaalamu Mwingereza, Moore, alidhani ziwa hili liliwahi kuungana na bahari. Wataalamu waliokuja baadaye walikataa, lakini mwenye macho anaelewa kwa nini alidhani hivyo. Mwambie mteja wako aende kwenye mawe ya ufukweni asubuhi ziwa likiwa limetulia, aangalie chini dakika kumi.

FundiVioo Mwanga
Mzee wangu, mteja hataki cha ziwani. Nimeshamwambia mara mbili.

Hesabu Kwanza
Samahanini, hii ni chai. Tena ya rangi.

120 mara 40 mara 40 ni 192,000. Hizo ni lita 192. Toa mchanga na mawe, tumpe lita 20 na ushee, zinabaki kama 170. Madumu matatu ya lita 20 ni lita 60. Lita 110 nyingine zimetoka wapi, zimenyesha? Hakuna tangi, hakuna mteja, hakuna kamba. Mtu kasoma vitu kwenye mtandao anatupotezea bando.

Siti ya Dirishani
Duh. Mimi hesabu nilikimbia darasa la sita lakini hiyo nimeiona. Mods, uzi upelekwe jukwaa la hadithi.

Bint Katonga
Na mimi nimemsimulia kobe wa baba yangu!

Kambamiti
Taratibu jamani. Mtu wa kutunga hawezi kutunga kamba anayefia nusu ndani ya gamba. Hilo nimeliona kwa macho na najua linasababishwa na nini. Fundi, swali la Hesabu Kwanza ni zuri kuliko yote niliyouliza mimi. Maji mengine ni ya wapi?

FundiVioo Mwanga
Nimekaa nje nusu saa kabla ya kuandika hapa. Nimeitwa mwongo na watu nisiowajua wakati mikono yangu bado inanuka kamba waliooza.

Tangi lipo. Maji mengine ni ya ziwa, nimeyachuja kwa kitambaa, nikaweka chumvi ya Uvinza. Sikubahatisha. Nilisoma kwamba bahari ina gramu 35 kwa lita, nikapima kilo 4 na gramu 200 kwenye mzani wa duka la jirani, kwa lita 120. Nusu dumu la maji ya bahari nilibakiza. Kwa nini sikusema mwanzo? Nilijua mtasema ni ushamba. Lakini chumvi si chumvi tu? Chumvi ya Uvinza inatoka kwenye chemchemi ardhini, watu wanaichemsha tangu enzi za mababu. Haikutengenezwa kiwandani na kemikali.

Na mzigo wa pili umeshaondoka Dar: viti vya pweza viwili, kamba sita, jongoo bahari mmoja na kipande cha tumbawe hai. Siwezi kuurudisha. Mteja alilipa nusu na nusu hiyo iko ukutani, ni kioo. Niambieni tu niwatunzeje wakifika.

Kambamiti
Si ushamba. Umepima vizuri kuliko wengi, umepima kitu ambacho siyo.

Katika zile gramu 35, sodiamu na kloridi, yaani chumvi ya mezani, ni kama gramu 30. Zinazobaki ndizo unazozikosa: salfeti, magnesiamu gramu 1.3 hivi, kalsiamu na potasiamu kama gramu 0.4 kila moja. Kwa ulimi huwezi kuzitambua. Kamba anapojivua gamba anatoka laini kama ute, anahitaji kalsiamu ya majini akaze gamba jipya. Kwako thuluthi mbili ya maji hayana ya kutosha. Ndiyo maana amekwama mlangoni. Usiyalaumu madini joto ya chumvi, si hayo.

Samaki ana matamvua na figo za kupanga chumvi ya mwilini mwake. Kiti cha pweza hakina. Zile nyayo ndogo chini ya mikono yake zinatembea kwa maji ya bahari yaliyomo ndani ya mirija yake. Maji uliyomwekea ndiyo yako ndani yake.

Huo mzigo usiingie tangini. Jongoo bahari akifia humo anaweza kutoa sumu ikamaliza na hao samaki wawili. Tumbawe linajenga mifupa kwa kalsiamu hiyo hiyo usiyokuwa nayo, tena matumbawe magumu yote yako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Muuzaji wako ana kibali cha kuyatoa baharini?

FundiVioo Mwanga
Sijui kuhusu kibali. Lakini mkuu, kaa na konokono bado wazima, kwa hiyo maji si mabaya kiasi hicho. Nikiongeza pampu ya tatu?

Kambamiti
Pampu haizalishi kalsiamu, fundi.

Asali Mbichi
Nikuulize kama mtu wa Tabora, mabasi yanapita kwetu. Gari gani, limetoka saa ngapi? Kama linapita huku nalisubiri mwenyewe na ndoo na pampu ya betri, angalau wapumzike.

FundiVioo Mwanga
...Gari linaondoka kesho alfajiri. Bado halijaondoka. Niliandika limeondoka ili msiniambie niahirishe.

Bint Katonga
Basi kaka, shika simu sasa hivi. Sisi tupo hapa.

FundiVioo Mwanga
Nimempigia muuzaji. Amekataa kurudisha pesa yote, amekubali kubadilisha. Badala ya viumbe ataleta maji ya bahari, madumu sita. Nimemsisitiza ayachote mbali na mlango wa mto na mbali na boti.

Hesabu Kwanza
Sita mara ishirini, 120. Sawasawa na uliyoyakoroga. Fundi, nakuomba radhi. Nilikuhukumu haraka.

Mwana wa Ujiji
Na maji yakipungua kwa joto la huku uongeze maji baridi yasiyo na chumvi. Chumvi haipai na mvuke, inabaki humo humo. Hilo hata sisi tunaokausha dagaa tunalijua.

Kambamiti
Kweli kabisa. Maji yaliyochujwa ya kunywa yanafaa kuliko ya bomba. Sasa Jumamosi mwonyeshe mteja mawe, mchanga, samaki wawili na kaa kama watapona. Mwambie ukweli wa wiki sita. Tafuta vipimo vya amonia na nitriti. Vikisoma sifuri wiki mbili mfululizo ongeza konokono wachache, kisha kamba. Kiti cha pweza kiwe cha mwisho, baada ya miezi. Kwa sasa wamebaki nani?

FundiVioo Mwanga
Kiti cha pweza kimoja, kamba mmoja, kaa wanane wote, konokono saba. Mteja nimemweleza. Amenyamaza muda, kisha akauliza kama tunaweza kuandika kibao kidogo, "tangi linaandaliwa". Nitamkatia kioo cha kibao bure.

Kiti cha pweza na kamba nimewahamishia kwenye ile nusu dumu ya maji ya bahari, kwa kutonesha kama ulivyosema, saa mbili na nusu. Kamba anatembea. Kiti cha pweza kimekunja ncha moja ya mkono, nyayo zinatoka na kurudi, nimezihesabu na mwanangu kwa tochi. Picha hiyo hapo, kwa waliosema sina tangi.

[picha]

Hesabu Kwanza
Nimeiona. Kizuri sana jamani, sikujua wana rangi hiyo.

Kambamiti
Fundi, hiyo ndoo nyeupe ilikuwa ya nini kabla?

FundiVioo Mwanga
Ya rangi ya ukuta. Rangi ya maji lakini. Nimeiosha mara tatu.

Kambamiti
Watoe. Sasa hivi. Tumia beseni la jikoni, lile la kuoshea mchele, na maji hayo uyamwage. Dumu lina kiasi gani kimebaki?

FundiVioo Mwanga
Kama lita tatu. Nimeshainuka.